Picha Aliyoipika Papa Tshibangu

Barua ile niliiandika mimi. Sikulazimishwa na mtu wala sikushikwa mkono. Niliketi mezani kwangu pale Evere, hapa Brussels, mume wangu Wilbroad akitazama mpira sebuleni, nikaandika ukurasa mmoja wa Kifaransa, nikausoma mara mbili, nikautuma. Halafu nikapakua ndizi zangu nikala vizuri tu. Nayasema haya mapema ili asije mtu akanionea huruma huko mbele. Mimi hasira zangu ziko karibu, najijua hivyo tangu Bukoba, na jioni ile nilizivika joho la haki nikaona zimependeza.

Klabu yetu ya picha inaitwa Samedi, yaani Jumamosi, kwa kuwa ndiyo siku tunayokutana, katika ukumbi wa ghorofa ya pili hapo hapo Evere. Mwenyekiti ni Cécile, Mbelgiji, mwalimu mstaafu wa jiografia, na mtu wa sheria hasa. Sheria yake ya kwanza: tukiwa pamoja ni Kifaransa tu, ili asiachwe mtu. Ya pili: picha haiongezwi kitu wala haipunguzwi. Ukipachika ndege angani au ukifuta waya wa umeme, picha inatoka na wewe unatoka nayo. Hiyo ya pili niliipenda kuliko zote. Nyumbani nilishachoka na picha za harusi ambazo bwana harusi amebandikiwa mnara wa Paris nyuma ya kisogo.

Novemba ya 2013 tulisafiri watu tisa wa Samedi kwenda Japani kupiga picha za vuli, pale majani ya misituni yanapogeuka mekundu kama pilipili iliyoiva. Siku kumi na mbili za mashambani, mabonde na vijiji vya wazee watupu, katika basi dogo la kukodi lenye dereva wa glavu nyeupe asiyejua neno letu hata moja. Waafrika tulikuwa wawili, mimi na Papa Antoine Tshibangu, mtu wa Lubumbashi, umri wake sitini na moja.

Papa Tshibangu anasafisha sakafu za jengo moja la ofisi hapa Brussels tangu 1996. Lakini ukimuuliza kazi yake, atakwambia yeye ni mpiga picha. Kule Lubumbashi, Kongo, katika mtaa uitwao Kenya, alikuwa na studio, na harusi zote za mtaa zilipita mikononi mwake. Mwaka 1991, askari walipopora mji, studio ikabebwa yote mpaka pazia la ukutani, na mikanda ya picha ikatupwa barabarani ikakanyagwa. Hakubaki hata na picha moja ya kumwonyesha mtu.

Na aliyetaka kumwonyesha ni binti yake, Graciella. Alizaliwa hapa, ana miaka kumi na tisa, anasoma chuo, na baba anayemjua yeye ni baba wa ndoo na mopu. Kiswahili hajui. Wazazi walimkataza akiwa mdogo ili Kifaransa chake kisiharibike. Kila Papa Tshibangu akitaja studio, binti humwitikia "oui, papa" kwa sauti ile ya kumbembeleza mgonjwa. Haya alinisimulia ndani ya treni tulipotoka Tokyo, kwa Kifaransa, maana Cécile alikuwa kiti cha mbele yetu na sheria ni sheria. Alisema amejinyima miaka mitatu kwa ajili ya safari hii. Anataka picha yake moja itundikwe mahali pa watu, na chini yake liandikwe jina lake na neno photographe, binti aje asome kwa macho yake mwenyewe.

Nilimhurumia sana siku ile. Nataka hilo nalo lijulikane.

Siku ya sita mvua haikutupa nafasi. Tulikuwa kwenye bonde moja la kaskazini ambako treni ya behewa moja hupita mara chache kwa siku, na sote tulitaka kuipiga ikivuka kati ya miti myekundu. Tulisimama kwenye matope tangu asubuhi. Saa sita tukakata tamaa, tukakimbilia ndani ya basi kubadili soksi na kula vibonge vya wali vilivyofungwa majani ya baharini. Madirisha yakajaa mvuke, hakuna aliyeona nje. Papa Tshibangu peke yake alibaki kule chini, na mwavuli wake, karibu na mahali reli inapokatana na barabara.

Picha aliyoitoa huko tuliiona Brussels, mwezi Desemba, kila mmoja alipoonyesha zake kwenye ukuta wa ukumbi. Bibi kizee amebeba mgongoni mzigo wa figili nyeupe, kubwa kama mikono ya mtu. Amesimama kando ya reli, ameiinamia treni kama vile anamwamkia mgeni wa heshima. Ndani ya treni dereva ameinua mkono kwenye kofia kumjibu. Nyuma yao bonde zima ni jeusi kwa mvua, lakini bibi na nusu ya behewa wamepigwa na jua la dhahabu, hata matone ya maji kwenye majani ya figili unayahesabu. Watu walivuta viti karibu na ukuta. Mimi nilifurahi kwa dakika moja, kisha kitu kikanichoma rohoni. Siku ile sote tulikuwa tumeloa chapachapa. Jua limetoka wapi?

Si mimi peke yangu niliyejiuliza. Cécile alimwomba faili ya asili kutoka kwenye kamera. Papa Tshibangu akasema ana kadi moja tu, alizihamishia picha kwenye kompyuta ya Graciella, kadi akaifuta. Bwana mmoja anayejua mambo hayo akasema nakala ile haiwezi kuthibitisha lolote, wala kizuri wala kibaya. Basi Cécile akamaliza mjadala. Alisema wanachama wa Samedi ni watu wazima, na neno la Monsieur Tshibangu linatosha.

Januari tulipiga kura ya siri. Picha ya kwanza ingechapishwa kubwa, mita moja na nusu, itundikwe mlangoni kwenye maonyesho yetu ya Jumapili tarehe tisa Februari, na iwekwe kwenye bango pamoja na jina la mpigaji. Papa Tshibangu akawa wa kwanza. Wa pili nikawa mimi, na picha yangu ya matunda ya kaki yaliyoanikwa kwa kamba chini ya paa la nyumba ya shamba. Alinizidi kura mbili.

Baada ya kura tulisimama pamoja kituoni tukingoja basi, mimi na yeye tu. Cécile hayupo, sheria haipo, nikamsemesha Kiswahili. Kwa kweli tulikuwa hatujawahi kuzungumza Kiswahili zaidi ya habari za asubuhi. Nikamwambia papa, hebu niambie, ile picha ya bibi na treni ilikuwaje, maana sisi wengine tulikuwa tunaona mvua tupu.

Papa Tshibangu akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Maman, ile foto nilipika miye mwenyewe," akasema. "Bote mulikuwa munakula mu basi. Mweye munakula, miye nikapika."

Basi lake likaja, akapanda, akanipungia mkono dirishani, bado anacheka.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Jamani, mtu kapika picha na bado ananicheka usoni? Kwetu takwimu zikipikwa, matokeo yakipikwa, kila mtu anajua maana yake ni nini. Ni kughushi. Na huyu hakujificha hata kidogo, kaniambia kabisa kwamba sisi tulikuwa tunakula na yeye anapika. Nilifika nyumbani na hasira zangu zote. Niliandika barua kwa Cécile, na ili nisionekane nimetunga, nikayanakili maneno yake ya Kiswahili vilevile alivyoyasema, herufi kwa herufi, na chini yake nikatia tafsiri yangu: picha hii niliibuni mimi mwenyewe.

Cécile alinipigia simu. Alisikitika, na akanishukuru kwa uaminifu wangu. Alisema atamhoji Papa Tshibangu Jumamosi, siku moja kabla ya maonyesho, saa tisa alasiri, na hatamtaja aliyeandika. Nisije, alisema, isije ikawa aibu kwa pande zote. Kama maneno ni yake, picha itashushwa na ya kwangu itapanda mlangoni. Nikasema sawa. Nilikata simu, nikaenda kutafuta gauni la kuvaa kwenye maonyesho.

Na Jumamosi hiyo nikaenda kusuka.

Saluni ninayoizoea pale Matonge, mtaa wa Wakongo, ilikuwa imejaa, nikaingia jirani yake, kwenye ile barabara ya Chaussée de Wavre, kwa msusi anayeitwa Mauwa. Sikuwahi kufika kwake. Saluni nyingi pale ni Kilingala mwanzo mwisho, lakini Mauwa na mteja wake wa kiti cha pili walikuwa wa Katanga, mkoa wa Lubumbashi, Kiswahili chao kinatiririka na Kifaransa ndani yake, nami nikafumba macho nasikiliza huku navutwa nywele. Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Upande wa kushoto wa kichwa changu ulikuwa umekwisha.

Mteja yule alitoa simu kumwonyesha Mauwa harusi ya mdogo wake. Mauwa akaziangalia, akazisifu, bibi harusi kapendeza, suti ya bwana harusi ndiyo imembana kidogo.

"Nani alipika hizi foto?" akauliza. "Ziko muzuri kabisa."

"Ni Hénock njo alipika," mwenzake akajibu, njo yao ikiwa ndiyo yetu.

Nilifumbua macho. Nikamtazama Mauwa kwenye kioo, nikamwuliza huyo Hénock alizipikaje. Mauwa akadhani nataka kumkodi. Akaniambia ana appareil, yaani kamera, nzuri, ya kisasa. Nikasema hapana, nauliza alizipikaje. Mauwa akaacha kusuka.

"Alipika na appareil, maman. Muntu anapika foto na nini tena? Na sufuria?"

Wakacheka wote wawili. Mimi nikageuza kiti nimwone vizuri. Nikamwuliza, na simu je, simu mnaifanyaje? Akasema simu wanapika, kwani ninyi hamupike? Na mtoto mkorofi? Naye anapikwa, tena vizuri. Na chakula? Chakula nacho kinapikwa, sasa mtu atakifanya nini kingine. Kwa hiyo kupiga na kupika, kwao, neno ni moja. Papa Tshibangu pale kituoni alikuwa ananitania kwa neno lenye sura mbili, ninyi mnakula na yeye anapika, akidhani mimi Mswahili mwenzake nitacheka naye. Aliniambia jambo jepesi kuliko yote duniani. Kwamba ile picha aliipiga yeye mwenyewe.

Nilisimama kabla sijajua nasimama. Mauwa akapiga kelele kwamba nimeacha nusu kichwa. Nikamwachia fedha yake yote mezani, nikajifunga kitambaa, upande mmoja misuko na upande mwingine nywele zimesimama zenyewe, nikatoka mbio kuelekea kituo cha basi cha Porte de Namur.

Saa nane na nusu. Nilimpigia Cécile, simu imezimwa. Huwa anazima simu yake mapema siku za mkutano na sisi wengine anatulazimisha kufanya hivyo. Nikampigia Papa Tshibangu, inaita tu. Nikapiga tena kituoni, nikapiga tena ndani ya basi namba sitini na nne lilipokuja, nimechelewa dakika kumi na mbili nalingoja, na Jumamosi hiyo kila mwenye gari hapa mjini alikuwa ameamua kulitoa. Pale njia panda ya Meiser tulisimama. Taa ikawaka kijani, hatukusogea, ikawaka nyekundu, ikawaka kijani tena. Nikamwendea dereva nikamwomba anifungulie nishuke. Akasema si kituo, madame. Nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Hakufungua, na alikuwa na haki yake.

Nilikuwa naona saa ya ndani ya basi juu ya kichwa chake. Saa tisa kamili. Saa tisa na dakika tano. Nilijaribu kujifariji kwamba Papa Tshibangu atajitetea, mtu mzima, anajua Kifaransa, atasema hapana. Kisha nikakumbuka barua yangu. Nilikuwa nimeyaandika maneno yake ya Kiswahili vilevile. Wakimsomea hayo, atakana vipi? Nikampigia tena simu, inaita tu.

Niliposhuka ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Nilikimbia, nikapanda ngazi mbili mbili. Ghorofa ya kwanza nikapishana na msichana wa koti jekundu anashuka, uso umelowa machozi, hakunitazama. Sikumjua. Nilimsogeza kwa bega nikapita.

Ukumbini kulikuwa na watu saba. Picha kubwa ya bibi na treni ilikuwa imekwisha kushushwa, imeegemezwa imegeukia ukuta. Mabwana wawili walikuwa juu ya ngazi wananyoosha picha yangu ya kaki mlangoni kwa pima maji. Papa Tshibangu amekaa kiti cha pembeni. Amevaa suti nyeusi, tai, kofia ameiweka magotini, kama mtu aliyekuja kanisani akakuta ibada imekwisha.

Nikasema shusheni hiyo. Cécile akainuka, akaanza kunieleza kwa upole kwamba mambo yamekwisha. Alisema hakutaka kumwaibisha, hakusoma barua yote, kwa sababu mzee alikuja na binti yake. Alimsomea yale maneno ya Kiswahili tu, polepole, jinsi alivyoweza kuyatamka, akamwuliza kama ni yake. Monsieur Tshibangu alisimama, akasema ndiyo, ni yangu, na nayarudia mbele ya watu wote. Tena kwa majivuno, alisema Cécile, jambo lililomshangaza sana. Ndipo yeye Cécile akamwambia kwamba basi, kwa kuwa amekiri ameibuni, picha haiwezi kubaki. Mzee akakana, lakini wao waliona amekwisha kukiri. Binti alipouliza kumbe baba kafanya nini, wakamweleza. Akachukua koti lake akaondoka.

Nilisema yote kwa Kifaransa, nimesimama na kitambaa kimenishuka, nusu kichwa wazi. Nikawaeleza kwamba kuna Kiswahili na Kiswahili. Kwamba neno alilosema, kwao Lubumbashi, maana yake ni kupiga picha na hakuna zaidi. Kwamba mkosaji ni mimi niliyetafsiri, na Monsieur Tshibangu hajaghushi wala hajakiri lolote. Yule bwana anayejua mambo ya faili akauliza, sawa, na jua je?

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu alimgeukia Papa Tshibangu akamwuliza. Akajibu kwa Kifaransa, taratibu, akiitazama kofia yake. Alisema mvua haikukatika. Jua lilipenya chini ya wingu kwenye mdomo wa bonde, likakaa muda ule ule treni ilipokuwa inapita, likaondoka. Alikuwa amelisubiri kwa muda wa saa tatu, kwa sababu asubuhi aliona ufa kwenye wingu upande ule. Cécile akainua uso. Rangi ikampanda kutoka shingoni. Yeye siku ile alikaa mbele, karibu na dereva, kwenye kioo cha mbele kinachofutwa. Akasema polepole kwamba anakumbuka sasa. Alikuwa anakula, mwanga ukampiga machoni, akalalamika, na dereva akamshushia kile kibao cha kukinga jua.

Mabwana wa kwenye ngazi walishuka na picha yangu.

Papa Tshibangu akaniinulia uso.

"Maman Dafrosa, weye njo uliandika?"

"Ni mimi, papa."

"Haukuniuliza."

Akageuza kofia magotini, mara moja, mara mbili, kisha akasema kwamba picha wanaweza kuirudisha au kuiacha, kwake sasa ni sawasawa. "Graciella alienda," akasema. "Alienda akijua baba yake njo mwongo."

Nikakumbuka koti jekundu.

Nilishuka ngazi zile vibaya kuliko nilivyozipanda. Alikuwa kituoni, upepo unampiga, kajikunja kwenye benchi. Nilisimama mbele yake nikajitambulisha, nikamweleza habari nzima, neno, saluni, barua. Alinisikiliza bila kuniangalia. Basi likaja, likafungua mlango, likangoja, likaondoka. Hakupanda.

"Ulimuuliza alimaanisha nini?" akasema kwa Kifaransa.

"Hapana."

"Mlikuwa wawili tu, kituoni, mnazungumza lugha yenu. Kwa nini hukumuuliza?"

Kule juu sikuwa nimelisema hili. Kule juu nilisema Kiswahili na Kiswahili, nikajificha humo, na watu walinielewa na wengine hata walinionea imani. Nilitaka kumwambia naye hivyo hivyo. Nikaona macho yake.

"Kwa sababu picha yangu ilikuwa ya pili," nikamwambia. "Ukweli ndio huo. Nilisikia neno lililonifaa, nikaondoka nalo."

Alinitazama, kitambaa changu, nywele zangu, viatu vyangu vya matope. Nilitegemea anitukane. Ningeshukuru angenitukana.

Badala yake alianza kulia tena, akasema kwamba ukumbini, walipomwambia, hakushangaa. Alisema hilo ndilo linalomtesa sasa. Baba yake alisimama na suti yake mbele ya watu, akamgeukia yeye, na yeye akawaamini wale wazungu mara moja, kwa sababu siku zote alikuwa anadhani studio ni hadithi ya mzee ya kujipoza. Nilitaka kumshika mkono, nikaona sistahili.

Akafuta pua kwa mkono wa koti.

"Neno lenyewe linasemwaje?" akauliza. "Nataka kumwuliza kwa lugha yake. Nifundishe."

Nikafungua mdomo. Na Mungu ananiona, lililokuja ulimini ni "ulipiga", Kiswahili sanifu, kile nilichofundishwa kwa fimbo nikiwa darasa la pili, kile ninachowasahihisha nacho watu bila kuombwa. Nikakimeza.

"Sema, ni weye ulipika."

Akarudia. Alikosea, nikamtamkia tena. Tulipanda ngazi pamoja, yeye mbele anajisemea midomoni, mimi nyuma yake, na nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa kwenye basi, maana sikujua kama mzee atamsamehe, na kama hatamsamehe, hilo nalo ni langu.

Papa Tshibangu alikuwa amesimama dirishani, amevaa kofia, tayari kuondoka. Picha yake bado imegeukia ukuta. Cécile na wenzake hawakuthubutu kuigusa kabla hajasema. Graciella hakumwendea baba yake. Aliiendea picha, akaishika pembe mbili, ikamshinda uzito, akaiburuta mpaka ikageuka. Akachuchumaa mbele yake. Alimtazama bibi, akaitazama treni, akasogeza uso kabisa karibu na yale matone ya maji.

Kisha akageuka.

"Papa," akasema. "Ni weye ulipika?"

Mzee alivua kofia.

"Ni miye," akasema. "Njo miye nilipika, mwana yangu."

Akaja akachuchumaa kando yake, suti na yote, magoti yakalia, akaanza kumwonyesha kwa kidole ufa wa wingu ulikuwa wapi na yeye alisimama wapi. Alimwonyesha kwa Kiswahili, maneno mengi ambayo binti hakuyajua, na binti anaitikia ee, ee, kwa kila moja. Zaidi yangu hakukuwa na mwingine ukumbini aliyefahamu.

Cécile alinisogelea, akaniuliza kwa kunong'ona wanasema nini.

Nikamwambia amuulize mzee mwenyewe.